Uzi: Pikipiki ya marehemu baba, makadirio ya shilingi 40,000, na yale ambayo makadirio hayakuyaona

Mwanzisha uzi, Malindi

Assalaam alaykum, na salamu kwenu nyote. Naandika kwa ajili ya mtu ambaye ana pikipiki ya zamani iliyolala uani, ya baba au ya babu, na ambaye ameanza kuitazama kwa huruma. Mimi niliitazama hivyo Yamaha DT175 ya marehemu baba kwa miaka kadhaa kabla sijaigusa. Baba alikuwa afisa wa mifugo. Aliizungusha Marafa, Garashi na Baricho katika njia za mchanga na za matope, na alipostaafu akaiendesha kwenda sokoni mpaka macho yalipomkataza. Tangu hapo ilikaa miaka 14 katika banda la makuti nyuma ya nyumba, upande unaopokea upepo wa bahari.

Fundi wa kwanza aliizunguka mara mbili, akakanyaga kiki, akaniambia kwamba kwa shilingi 40,000 itanguruma. Sisemi kwamba alinidanganya, kwa sababu alihesabu alichokiona: tairi, pistoni, breki, rangi. Miezi kumi na moja baadaye daftari langu lilisoma 145,500, na kwa fedha hizo ningekuwa nimekaribia bei ya pikipiki mpya ya bodaboda. Nimeweka kila risiti. Ninachotaka kuwaonyesha ni mahali zilipojificha shilingi ambazo hakuna aliyezitaja siku ile, kwa sababu nimeamini kwamba sehemu kubwa yake ningeiepuka lau ningalianza na mwisho badala ya mwanzo.

Nianze na chumvi, maana sisi wa pwani tuna gharama ambayo mwenzetu wa Nakuru haijui. Mfuniko wa injini ya pikipiki hii ni wa alumini, na skurubu zinazoushikilia ni za chuma. Madini haya mawili yakigusana mahali penye unyevu wa chumvi, alumini ndiyo inayoliwa, na uchafu wake mweupe kama unga wa muhogo huvimba ndani ya nyuzi za skurubu mpaka skurubu ikawa kama imezaliwa pale. Kaskazi inapovuma kuanzia Desemba, ukipitisha kidole juu ya tangi asubuhi utaihisi hiyo chumvi. Zidisha kwa miaka 14. Katika skurubu za mfuniko wa upande wa kushoto, nne zilikatika vichwa, na kila iliyokatika ilihitaji kutobolewa katikati, kutolewa vipandevipande, kisha tundu kukatwa nyuzi mpya. Pia nilijifunza kwa kuchelewa kwamba skurubu za Kijapani zenye alama ya msalaba si sawa na zile za kawaida za madukani. Bisibisi yetu ya kila siku haikai vizuri ndani yake, huteleza, na ikiteleza mara tatu kichwa kimekwisha. Nilitumia shilingi 5,100 kwa skurubu, bolti na kazi ya kuzitoa, na hakuna hata senti moja ya hizo iliyokuwa katika makadirio.

Fundi mzee mmoja ndiye aliyenionyesha njia, nami naiandika ili mwingine apone. Alumini ikipashwa moto hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Kwa hiyo usiipashe moto skurubu. Upashe moto mfuniko unaoizunguka, tundu lipanuke, kisha tumia ile bisibisi ya kupigwa kwa nyundo ambayo huzunguka kila inapogongwa. Bisibisi hiyo, pamoja na pula ya kung'olea gurudumu la sumaku (lile la ubavuni mwa injini linalozalisha umeme) na spana ya kupimia nguvu ya kukaza, zilinigharimu 6,700. Nilikuwa nimedhani kwamba zana ni juu ya fundi. Fundi wa bodaboda ana zana za bodaboda, na kudai anunue pula ya pikipiki ambayo ataiona mara moja katika maisha yake si haki.

Hapo ndipo tunapofika kwenye injini. DT175 ni injini ya mipigo miwili, na karibu pikipiki zote ambazo vijana wetu wanazitengeneza leo pale stendi ni za mipigo minne. Katika mipigo minne, kasha la kranki, yaani ule mhimili unaozungushwa na pistoni, huhifadhi oili tu. Katika mipigo miwili, kasha hilohilo ni pampu: petroli, hewa na oili hupita ndani yake kwanza, husukumwa na pistoni inaposhuka, ndipo hupanda silindani. Kwa hiyo sili za kranki, yaani mipira inayoziba pale mhimili wake unapotokea nje ya kasha, ambazo katika pikipiki nyingine zikichoka zitakuvujishia oili tu, katika hii zikichoka huvuta hewa ya nje. Hewa ikizidi, mchanganyiko hukosa petroli na oili ya kutosha, joto hupanda, pistoni hutanuka na kushika ukuta wa silinda.

Mimi sikujua hayo, na fundi wangu hakuyajua. Tuliifungua silinda, tukaikuta imeliwa na kutu, tukaipeleka Mombasa ikachongwa kufikia kipimo cha 0.50, yaani nusu milimita zaidi ya upana wa kiwandani, tukanunua pistoni na ringi za kipimo hicho, tukafunga. Pistoni na ringi 5,800, kuchonga 3,000, gasketi 1,800: jumla 10,600. Kranki hatukuigusa kwa sababu ilizunguka kwa ulaini. Pikipiki iliwaka. Mama alitoka jikoni akasimama mlangoni bila kusema neno, nami nilijua anamsikia nani. Siku ya tatu nikaelekea Watamu, na kabla sijafika Gede injini ilipiga kelele nyembamba, gurudumu la nyuma likajifunga, nikajishika barabarani kwa neema ya Mungu tu.

Tulipoifungua tena tulikuta pistoni imechubuka pande mbili, na sili iliyo nyuma ya gurudumu la sumaku imekauka kama gamba la nazi. Ikawa kuanza upya: pistoni na ringi za 0.75, kuchonga na gasketi, 10,600 nyingine. Na safari hii kasha likapasuliwa, kranki ikatolewa. Beringi zake zilikuwa na madoa ya kutu, na fimbo ya pistoni ilikuwa na mchezo, yaani imelegea, upande wa chini. Fimbo mpya na vifaa vyake 7,500, kuikandamiza kranki na kuinyoosha 2,500, beringi 4,400, sili 1,700. Hiyo ni 26,700 kwa awamu ya pili peke yake.

Kuna hasara nyingine ambayo haikuandikwa katika risiti yoyote. Silinda ya DT175 ilitoka kiwandani ikiwa na upana wa milimita 66, na pistoni za kuzidishia hupatikana kwa hatua za robo milimita mpaka kufikia milimita moja. Baba aliniachia silinda ambayo haijawahi kuchongwa. Kwa ujinga wangu nimekula hatua tatu katika miezi sita, na imebaki moja.

Tangi nalo ni kisa kilekile kwa sura nyingine. Nilikuwa na hamu ya kuona rangi yake ya zamani, kwa hiyo tangi na vifuniko vya ubavuni vilipakwa rangi mapema kabisa, 7,500. Ndani ya tangi kulikuwa na kutu na petroli iliyogeuka kuwa kama sandarusi. Nililiosha kwa siki na kokoto ndogo, nikilitikisa kwa zamu na mpwa wangu; asidi hula kutu kama ukwaju unavyosugua shaba. Kutu ilipotoka, tuligundua kwamba yenyewe ndiyo iliyokuwa imeziba vitundu vya mshono wa chini. Petroli ilichuruzika usiku kucha na asubuhi rangi mpya ilikuwa imevimba na kubanduka. Kuziba mshono 3,000, rangi ya tangi peke yake mara ya pili 4,500. Na tafadhali, yeyote atakayechomelea tangi, hata lililokaa tupu miaka mingi, alijaze maji kwanza na aache sehemu ndogo tu ya kufanyia kazi. Mvuke wa petroli hauna subira.

Mengine nitayapita haraka. Magurudumu yalikula 19,800, kwa kuwa tairi ya mbele ni ya inchi 21 na madukani kwetu zimejaa za inchi 18 za bodaboda. Spoki nazo zilikuwa zinakatika kwa mkono. Umeme 9,300: panya walikuwa wamekula nyaya, na mfumo wake ni wa volti 6, kwa hiyo taa za volti 12 nilizouziwa mwanzoni ziliwaka kama kibatari. Breki, kebo, cheni na sproketi 8,900. Ufundi 14,000. Vifurushi viwili vya spea kutoka nje, usafirishaji na ushuru wake 9,400. Mtu ajue kwamba VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 16 huhesabiwa juu ya thamani ya kitu pamoja na nauli na ushuru, si juu ya bei ya kitu pekee. Karatasi za mirathi, uhamisho na bima 12,300. Safari saba za Mombasa, kila moja 1,100 kwa nauli na chakula, 7,700. Katika safari hizo sikuhesabu siku saba ambazo duka langu lilifungwa, na huenda hizo ndizo ghali kuliko zote.

Jioni moja nilichukua kalamu nyekundu nikazungushia kila kitu nilichokilipia mara mbili: injini ya kwanza 10,600, rangi ya kwanza ya tangi 4,500, kifurushi cha pili 4,700, safari tatu 3,300. Jumla 23,100. Ni zaidi ya nusu ya makadirio yote ya awali, na ni zaidi ya tairi na spoki kwa pamoja. Gharama hiyo haikutokana na uzee wa pikipiki. Ilitokana na mpangilio wangu wa kazi: nilianza na kinachoonekana.

Mchangiaji wa Mokowe, Lamu

Waalaykum salaam, kaka. Umenishika mkono wakati ambapo nilikuwa nimeshaingiza mguu. Nina Suzuki A100 ya ami yangu, nayo ni ya mipigo miwili, imekaa miaka tisa. Kiki haishuki hata kidogo. Fundi wa hapa amependekeza tuitie gia ya pili na kuisukuma kwa nguvu mpaka iachie. Je, hilo ni sawa? Nyongeza ni kwamba mimi kila spea yangu inakuja kwa gari la Malindi au Mombasa, kwa hiyo hiyo hesabu yako ya safari imenitia hofu kuliko pistoni.

Mwanzisha uzi

Ndugu yangu, usiisukume, nakuomba. Kilichoshika hapo kwa kawaida ni ringi na ukuta wa silinda, vimeunganishwa na kutu. Ukilazimisha, ringi itakatika au kutu itakwaruza silinda ambayo pengine ingesalimika, na hapo umejinunulia safari ya kuchonga. Toa plagi, mimina oili nyepesi kupitia tundu lake, acha siku mbili tatu, uongeze, kisha jaribu kuzungusha polepole kwa spana kwenye nati ya gurudumu la sumaku, mbele kidogo na nyuma kidogo. Ikikataa, fungua kichwa na silinda kwa utulivu.

Kuhusu safari, usipande gari kwa ajili ya kitu kimoja. Fungua pikipiki yote kwanza, mpaka bolti ya mwisho, andika kila kinachohitajika, ndipo uagize. Mimi nilikuwa nikigundua kimoja, nakimbilia Mombasa, narudi, nagundua kingine.

Dada wa Mambrui

Nimeusoma uzi wote na nina swali ambalo wanaume naona wanalipita. Umesema pikipiki ni ya marehemu baba yenu. Una ndugu? Kwa sababu kama mna mama na dada zenu, basi ulikuwa unatia fedha zako katika mali ya watu wengi, na siku mkikosana pikipiki hiyo itakuwa na thamani ambayo kila mmoja ana haki nayo. Kwetu lilitokea hilo kwa mashua, na mpaka leo watu hawasalimiani.

Mwanzisha uzi

Dada yangu, umegusa jambo ambalo lingestahili kutangulia katika maelezo yangu, nami nililiweka katika mstari mmoja wa karatasi. Nakiri kwamba nililifikiria baada ya injini kushika, wakati fedha zilipokuwa zimeshaingia.

Tuko watoto watano, wanaume wawili na wanawake watatu, pamoja na mama. Tulikubaliana kwenda Mahakama ya Kadhi, ambayo kwa Waislamu waliokubali mamlaka yake huamua mambo ya mirathi. Tuliikadiria pikipiki kwa hali iliyokuwa nayo kabla sijaigusa, yaani chuma kilicholala bandani, kwa shilingi 24,000. Kwa kuwa kuna watoto, mama ana thumni, yaani moja ya nane, ambayo ni 3,000. Zilizobaki 21,000 ziligawanywa mafungu saba ya 3,000, kila mwanamume mawili, kila mwanamke moja. Fungu langu lilikuwa 6,000, kwa hiyo nilipaswa kuwalipa wengine 18,000. Mama alinisamehe haki yake, nikalipa 15,000 kwa ndugu zangu, mbele ya mashahidi na kwa maandishi. Hizo sikuziweka katika ile 145,500, kwa sababu si gharama ya kutengeneza, ni bei ya kununua. Ukizijumlisha, nimetoka na 160,500.

Lau tungesubiri mpaka pikipiki ing'ae ndipo tuikadirie, hesabu ingekuwa nyingine na mioyo ingekuwa mingine. Ndugu zangu wangeweza kudai wapimiwe thamani mpya, na sina hakika kwamba wangekuwa wamekosea.

Bila karatasi hizo logibuku, hati ya umiliki, isingehamia jina langu. Pikipiki ilisajiliwa mwaka 1983, na namba yake ni ya zile za zamani zenye herufi tatu na tarakimu tatu, kabla ya mfululizo wa KAA kuanza mwaka 1989. Yeyote anayenunua pikipiki ya umri huo, aitake logibuku mkononi kabla hajanunua hata plagi.

Fundi wa Maweni, Malindi

Mimi nimetengeneza za mipigo miwili tangu zile za maafisa wa kilimo, na nataka kuongeza jambo moja juu ya sili, kwa kuwa mwenye uzi amelieleza tatizo vizuri lakini hajaeleza namna ya kulijua mapema. Si lazima upasue kasha ili ujue kwamba sili zimekufa. Ng'oa gurudumu la sumaku ili sili ionekane. Ziba njia ya kabureta kwa kipande cha mpira na bolti, ziba njia ya ekzosi vivyo hivyo, kisha ingiza hewa kidogo kwa mpira wa kupimia presha ya damu wenye saa yake, ule wa mkono. Shinikizo la paundi 6 kwa inchi ya mraba linatosha. Kwa kuwa saa hiyo husoma kwa milimita za zebaki, ni kama 300. Usizidishe, utazisukuma sili zitoke. Ziba mrija na uangalie mshale. Ukikaa dakika sita bila kushuka sana, injini imeziba. Ukianguka, paka maji ya sabuni kwenye viungo vyote na pale penye sili, utaona mapovu yanakuonyesha mlango. Upande wa klachi hutaona mapovu kwa kuwa sili iko ndani ya oili, kwa hiyo sikiliza kwenye tundu la kujazia oili ya gia.

Angefanya hivyo kwa nusu saa, injini isingemshikia kabla ya Gede. Pia msisahau ekzosi. Ya mipigo miwili hujaa masizi ya oili, na ikikaa nje nyigu wa udongo hujenga ndani. Nimeona watu wananunua kabureta mpya kwa sababu ya kiota.

Mwanzisha uzi

Fundi, Mungu akubariki. Nilikuwa sijawahi kuusikia mpango huo wa mpira wa presha, na moyo umeniuma kidogo kuusoma leo. Nina mpira wa aina hiyo nyumbani, ulikuwa wa mama. Nitaupima leo jioni kwenye injini iliyofungwa vizuri ili nijue mshale unakaaje injini ikiwa na afya, na ndugu wa Mokowe awe na kipimo cha kulinganishia.

Mwanzisha uzi, siku iliyofuata

Nimepima. Niliingiza mpaka 300, na baada ya dakika sita mshale ulikuwa kwenye 285. Kulikuwa na mapovu machache sana chini ya plagi, nikaikaza, nikarudia, ukabaki 295.

Mchangiaji wa Mokowe, Lamu, baada ya siku tisa

Kaka, na wewe fundi, nimerudi. Oili kwenye tundu la plagi ilichukua siku nne, na siku ya tano gurudumu la sumaku lilijongea upana wa kidole, kisha likazunguka lote. Silinda nimeifungua, ina madoa ya kutu upande wa ekzosi lakini ukucha haukwami popote. Niliirudisha kwa muda ili nipime. Mpira niliuazima kwa muuguzi jirani yangu. Mshale ulipanda mpaka 200 tu na kuanguka hapo hapo, na sabuni ilitoa povu kubwa nyuma ya gurudumu la sumaku, kama mtu anavyofua. Fundi wetu alikuwa amekwisha niandikia orodha ya pistoni, ringi na rangi, nimeikunja nikaiweka. Ami yangu ana watoto wanne, wawili wako Mombasa, na nimewapigia simu kabla ya kuagiza sili.